Tulivyomrudisha Ezekieli Nyumbani kwa Ndege ya Mizigo

Tangu nirudi sijapata nafasi ya kukanda unga kwa amani. Kila anayekuja kununua mkate anaegemea meza na kuniuliza, "Hezroni, ni kweli walitaka kumtupa ndugu yako kutoka angani?" Nikimweleza huyu, aliye nyuma yake anasikia nusu, anaenda kuieneza nusu hiyo mtaani, na jioni inanirudia ikiwa na mkia na pembe. Juzi nimesikia eti nilining'inia kwenye bawa. Mimi! Mtu ambaye hata ngazi ya darini naipanda nikiwa nimefumba macho. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, msomeane nyinyi kwa nyinyi, mniache nioke.

Nakuru: mabega mengi

Mdogo wangu Ezekieli mlimjua, fundi wa boila za garimoshi pale karakana ya reli, mtu wa kucheka kabla hajamaliza kusema kichekesho chake. Homa ya mapafu ilimchukua wakati wa ile mvua kubwa. Mkewe Raeli alikuwa naye hospitalini mpaka mwisho. Tulipompelekea mama habari huko nyumbani, ng'ambo ya Butere, jibu lilirudi fupi: "Huyu mniletee nimwone uso."

Lazima niwaeleze kwa nini alisema "huyu". Kaka yetu mkubwa, Petro, alikwenda vita vya Burma na hakurudi. Serikali ilisema amepotea, basi. Hakuna kaburi, hakuna hata shati lake. Mama hakulia. Alisema aliyepotea anaweza kupatikana, na miaka yote hiyo hakuturuhusu tumfanyie Petro matanga. Ukisema "marehemu Petro" mbele yake, anakufukuza nyumbani kwa mwiko wa ugali. Kwa hiyo mimi katika safari hii nilikuwa na kazi moja tu: kumfikishia mama mtoto wake akiwa bado na uso wa kutazamika. Nikishindwa, atakuwa na wawili waliopotea.

Reli ilikuwa imekatika mbele ya Molo, daraja limebomolewa na maji, na barabara ya gari ilikuwa uji mtupu. Ndipo tukasikia kuna ndege ya mizigo ya jeshi inayokwenda Kisumu. Jinsi tulivyopata ruhusa ni habari ya ofisi hii na ofisi ile, na habari za namna hiyo zinachosha. Naziruka.

Fundi Obadia, yule mzee aliyemfundisha Ezekieli kazi, alisema jeneza ni juu yake. "Yule kijana ni wangu," alisema. "Halali kwenye kasha la sabuni." Karakana nzima walilitengeneza baada ya saa za kazi, wakalifunika kwa kitambaa cheusi kilichokazwa vizuri, likapendeza. Mimi nililiona likiwa tayari limefunikwa. Na siku ya kuondoka kila mtu alitaka kulibeba. Mnajua mambo yetu: penye msiba, asiyetia bega ataulizwa alikuwa wapi. Mlijipanga pande zote mpaka jeneza lenyewe halikuonekana, mkaimba mpaka mlangoni mwa ndege. Hata mimi nilitia bega, ila sikusikia uzito wowote, maana kila upande kulikuwa na bega la mtu mwingine.

Aliyepanga mizigo alikuwa Koplo Musyoka, Mkamba mwembamba mwenye sauti ya chini. Kila kitu kilipita kwenye mizani yake: mahema, matairi, makasha ya nyama ya mkebe, hata kapu langu la mikate niliyooka kwa ajili ya waombolezaji. Jeneza lilipofika alivua kofia.

"Maiti hatupimi," alisema. "Ntaweka uzito wa sanduku la kawaida. Pole sana, wazee."

Obadia alikohoa akatazama viatu vyake. Nilidhani ni uchungu.

Juu ya Rongai

Msinione mjinga, lakini mimi nilitegemea viti. Hakuna. Kuna kitambaa cha turubai kilichofungwa ukutani, unakalia hapo ukitazamana na mizigo, na kelele zinakuingia mpaka kwenye meno. Mbele walikaa Wazungu wawili, kapteni mwenye masikio mekundu na msaidizi wake. Nyuma tulikuwa mimi, Raeli, Obadia na koplo, na Ezekieli katikati yetu amefungwa kamba.

Kwetu maiti akirudishwa nyumbani huambiwa njia. Unamwambia huu ni mto fulani, hapa tunapinda, asije akapotea. Na akishaanza safari harudishwi nyuma. Raeli aliijua kazi hiyo vizuri, tatizo ni kwamba angani hakuna mito ya kutaja.

"Shemeji, chungulia, tuko wapi?" aliniuliza.

"Tuko juu," nilimjibu, macho nimeyafumba.

Koplo alimwonea huruma akachungulia yeye. "Rongai, mama. Naona mashamba ya mahindi na magunia kando ya reli."

Raeli aliinama karibu na kitambaa cheusi. "Ezekieli, hapa ni Rongai. Juu yake, lakini ni Rongai."

Hapo ndipo injini ya kushoto ilipoanza kukohoa. Ilikohoa, ikanyamaza kidogo, ikakohoa tena kwa hasira, na nilipofumbua macho niliona mafuta meusi yakitambaa juu ya bawa na moshi nyuma yake. Halafu pangaboi lake likapunguza mwendo likasimama kabisa. Nimewahi kuona trekta ikizima katikati ya shamba: dereva anashuka, anaitukana, anaipiga teke. Hapa ushukie wapi?

Koplo hakukimbia. Alikuja akachutama mbele yetu ili sote tumwone uso, akasema kwa ile sauti yake ya chini, akiipandisha kiasi tu cha kushinda kelele.

"Wazee, na wewe mama, sikilizeni. Injini moja imelala. Kapteni ameizima mwenyewe, isishike moto. Ile ingine iko sawa. Hii ndege inaruka na moja, lakini haiwezi kupanda Mau na moja. Tunarudi Nakuru. Hakuna mtu anasimama mpaka mimi niseme. Mmesikia?"

Alirudia yote tena, neno kwa neno. Baadaye aliniambia ndivyo walivyofundishwa, kwa sababu mara ya kwanza mtu mwenye hofu hasikii kitu. Ni kweli. Mimi mara ya kwanza nilisikia "imelala" tu.

"Kurudi?" Raeli alisema. "Afande, maiti hairudishwi."

"Mama, huo mlima haujui hiyo desturi."

Raeli alifikiri kidogo. Kisha akainama. "Ezekieli, tunazunguka kidogo tu. Usikasirike."

Kuelekea Gilgil

Nakuru haikuwepo. Nawaambia mlivyokuwa: mvua ilikuwa imeufunika mji wote, kuanzia ziwani mpaka Menengai, kama mtu aliyejifunika blanketi mpaka kichwani. Kapteni alizunguka akitafuta uwanja, asiuone. Alipiga kelele kwa koplo, na koplo akatuletea maneno yake kwa utulivu uleule.

"Upande wa Naivasha kuko wazi. Ndabibi kuna uwanja mdogo wa mkulima mmoja, tutashuka pale. Lakini kabla ya kufika kuna kile kilima cha Gilgil, na ndege inashuka polepole. Inataka kupunguziwa. Sasa tutatupa mizigo, kwa mpango."

Na kweli ilikuwa kwa mpango. Alijifunga kamba kiunoni, akaifunga kwenye pete ya chuma, akatufunga na sisi. Akafungua mlango wa pembeni. Upepo ulioingia uliniondolea kofia, na sijaiona tena. Koplo alilala kifudifudi akachungulia chini. "Nikisema tupa, tupeni. Nikisema ngoja, mngoje, kuna watu ama ng'ombe hapo chini."

Yalitoka mahema. Yalitoka matairi. Nyama ya mkebe, kasha baada ya kasha, nami nikiyasindikiza kwa macho, kwa sababu sijawahi kuila hata mara moja na sasa ilikuwa inakwenda kulisha fisi wa Elementaita. Kisha koplo akaliangalia kapu langu.

"Hiyo ni mikate tu," nilisema.

"Ina uzito."

"Ni ya msiba!"

"Mzee, hata huu unaweza kuwa msiba."

Nililitupa mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine aliguse.

Basi tulidhani imetosha. Koplo alikwenda mbele, akarudi amekunja uso. Kapteni alikuwa amepiga hesabu yake, na kwa hesabu ile ndege ilipaswa kuwa imeacha kushuka. Haikuwa imeacha. Koplo alitutazama mmoja mmoja.

"Wazee, kuna kitu hamjaniambia?"

Obadia aliinua mkono, kama mtoto wa shule. "Afande, lile jeneza."

"Linafanya nini?"

"Si mbao. Yaani mbao iko ndani. Nje nimezungushia chuma. Chuma cha boila."

Alivuta kitambaa cheusi, na mimi mwenyewe ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza. Mabamba ya chuma, manene, yameunganishwa pembeni kwa bolti zilizopangwa vizuri, kazi safi kabisa. Jamani! Kumbe yale mabega yenu yote, na nyimbo zenu, mlikuwa mmebeba garimoshi.

"Nilitaka mchwa wasimfikie," Obadia alisema, na machozi yalianza kumtoka. "Nilitaka akae, afande. Basi tu. Nilitaka akae."

Koplo hakumgombeza. Alikwenda kwa kapteni, na safari hii alirudi akitembea polepole zaidi.

"Kapteni anasema sanduku litoke. Lote."

Nilimshika koplo mkono wa shati. Nikamwambia, "Afande, mama yangu ana mtoto mmoja tayari hana kaburi. Huyu ndiye ameomba amwone. Nikienda mikono mitupu namwambia nini?"

"Nimekusikia, mzee. Na mimi nina mama. Lakini humu kuna watu wanapumua, na hatuna nafasi."

Raeli hakupiga kelele. Alilala juu ya lile jeneza la chuma akalikumbatia kwa mikono yote miwili. "Basi mnitupe naye," alisema, na alikuwa anasema kweli.

Obadia alikuwa ameshapiga magoti. Kutoka mfuko wa koti alitoa spana. Fundi wetu hata kanisani huenda na spana. "Ngojeni," alisema. "Sikupigilia ribiti, zile hazifunguki. Nilifunga kwa bolti, mama yake aweze kumfungua. Nipeni nafasi nitoe chuma, mbao ibaki. Afande, nakuomba."

Koplo alichungulia mbele, akautazama ule ukingo wa Gilgil unaokuja. Akasema, "Fanya. Lakini nikianza kuona matawi ya miti pale mbele, tunasukuma lote, na hakuna kubishana. Mmekubali?"

Raeli alikubali kwa kichwa. Obadia alikubali. Mimi nilikubali kwa kinywa changu mwenyewe, nikasema "sawa" mbele ya ndugu yangu, na hilo neno halijanitoka moyoni mpaka leo.

Sijawahi kuona mtu akibomoa kazi yake namna ile. Alifungua nati huku analia, bila kukosea hata moja, akiniwekea bolti mkononi nami nikizirusha nje mlangoni. Kifuniko kilitoka. "Ngoja," koplo alisema, "kuna kundi la mbuzi." Tulingoja na lile bamba mikononi, na nawaambieni, kungoja huko kulikuwa kurefu kuliko foleni yoyote ya mikate. "Tupa!" Likaenda. Pande za kulia na kushoto zikaenda. Kichwani, miguuni. Likabaki bamba la chini, lenye Ezekieli juu yake ndani ya sanduku lake la mbao.

"Sasa simameni," koplo alisema. "Polepole. Wewe na mama mshike huku, mzee huku. Mkiinua, mimi nalivuta."

Tulimwinua. Raeli alikuwa na nguvu kuliko sisi wote. Koplo alilivuta bamba, likakwaruza sakafu mpaka mlangoni, likaondoka. Na mara hiyo nilisikia sakafu ikinisukuma miguu kwa chini, kidogo tu: ndege ilikuwa imeacha kushuka.

Tulipita juu ya Gilgil nikiwa nimefumbua macho. Niliona mti, niliona paa la bati lililotiwa viraka, niliona mwanamke aliyeanika nguo amesimama na shati mkononi anatutazama. Kisha ardhi ikaanza kwenda chini tena, na mbele kukawa na maji ya Naivasha yanang'aa. Koplo alifunga mlango, akakaa chini, akafuta jasho kwa kofia yake.

Ndabibi

Kushuka kulikuwa kwa kurukaruka, kwani uwanja wenyewe ni malisho yaliyokatwa nyasi, na ng'ombe walikuwa wametangulia kufika. Ndege iliposimama kulikuwa kimya mpaka nikasikia masikio yangu yakilia. Kapteni alitoka akatupa mkono sote. Alimwangalia sana Obadia, akamwambia koplo maneno, na koplo akayatafsiri: "Anasema, akifa yeye, tafadhali utumie mbao." Obadia alicheka huku bado analia. Nilishukuru sana kusikia mtu akicheka.

Hatujamaliza, wakaja walinzi wa shamba na mikuki, mmoja ana bunduki. Miaka hii ya Hali ya Hatari mnaijua. Ndege imeshuka ghafla, raia weusi watatu wametoka na sanduku refu: nani angefikiri ni msiba? Wao walifikiri ni silaha.

"Fungueni," alisema mwenye bunduki, Mkipsigis mzee kidogo, nyapara wa shamba.

"Hafunguliwi mpaka kwa mama yake," nilimwambia, na sijui ujasiri huo niliutoa wapi. Nadhani hofu yangu yote ilikuwa imetupwa pamoja na mikate.

Koplo alianza kueleza, nyapara hataki kusikia. Wakati huo Raeli alikuwa hatujali kabisa. Alikuwa amechutama kando ya sanduku anafanya kazi yake. "Ezekieli, hapa ni Ndabibi. Tumeshuka vizuri. Kuna watu wa bunduki hapa, lakini ni watu wazima, watatuacha tupite."

Nyapara alimsikiliza mpaka mwisho, akaishusha bunduki. "Na sisi huongea na wetu," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Pole, mama. Mmekula?"

Walitupatia ugali wa wimbi na maziwa ya kibuyu, yale machachu yaliyotiwa majivu ya mti, na mimi ambaye huringa kwamba chakula bila mkate si chakula nilikomba sufuria. Nyapara mwenyewe alikwenda kumwomba bwana shamba trekta. Ikaja na trela iliyojaa majani mabichi ya ng'ombe, tukamlaza Ezekieli juu yake, pazuri kuliko ndani ya ndege.

Koplo alibaki na ndege yake. Tulipoagana alinishika mkono muda mrefu. "Mzee," alisema, "kuanzia leo, hata malaika akija na sanduku, napima."

Naivasha: madebe

Trekta ilitufikisha stesheni jua likiwa bado lipo. Na habari nzuri ilitungoja: daraja la mbele ya Molo limetengenezwa, garimoshi la mizigo linapita kesho. Stesheni masta, Mhindi mpole mwenye miwani, alitupa pole, akazunguka sanduku mara moja, akatikisa kichwa.

"Mbao peke yake haiendi," alisema. "Sheria. Maiti ya safari ndefu lazima ifungwe ndani ya chuma."

Obadia alimtazama. Kisha alikaa chini juu ya reli akacheka mpaka akakohoa, anacheka na kujipiga paja, na stesheni masta akaniuliza taratibu kama mzee huyu ni mgonjwa. Nilimweleza kwamba chuma chetu kiko Gilgil, kimetawanyika. Hakuelewa, nami sikuwa na nguvu ya kumwelewesha.

Lakini mimi sikucheka. Joto la Naivasha mchana si mchezo, dawa ya hospitali ina kikomo, na nilianza kuuona uso wa ndugu yangu ukiniponyoka. Obadia alipomaliza kucheka alijifuta macho akauliza, "Hapa kwenye kwota kuna madebe?"

Wanawake wa kwota, zile nyumba za wafanyakazi wa reli Naivasha, Mungu awabariki. Raeli alipita nyumba kwa nyumba, na kila mlango ulitoa debe. La mafuta ya taa, la kuchotea maji, na mama mmoja alimwaga unga wake kwenye sufuria mbele yetu akatoa lililokuwa na unga. Obadia aliyakata, akayakunjua, akayanyoosha kwa nyundo, akawasha makaa akaanza kulehemu. Wengine walileta makaa baridi na majani ya chai, Obadia akaondoa kifuniko cha mbao ili bati likae mahali pake, nami nikageuza uso, wakayapanga kuzunguka mwili ili yanywe unyevu. Mimi niliwekwa kando ya karai nikasukuma chapati za watu wote, kwa maana ni kazi pekee ninayoijua na mikono yangu ilikuwa haitaki kukaa bure.

Alipomaliza, Obadia aliligonga kwa kidole. Lilitoa mlio mwepesi. Juu ya uso alikuwa ameacha kibati kidogo peke yake, kimeshikwa na lehemu kidogo tu pembeni. "Hapa nitafungua bila kumsumbua," alisema.

Nakuru tena

Asubuhi tulipakiwa kwenye behewa la nyuma, la gadi anayelinda mizigo. Sasa hapa ndipo baadhi yenu mlituona. Msidhani sikuwaona mlivyotoa macho pale stesheni. "Hezroni! Kwani hamjafika?" Hata salamu hamkutoa. Mnadhani ningewaelezea nini, na garimoshi linasimama kidogo tu? Niliwaambia tulipitia Naivasha, mkatazamana. Wapo waliofikiri nimepata wazimu, na mmoja wenu namjua.

Raeli hakushuka. Alikuwa ameushika mlango wa behewa usifunguliwe wazi, anamwambia mumewe kwa sauti ya kubembeleza, "Ezekieli, usishuke. Najua unapajua hapa. Tunapita tu." Alishika mlango ule mpaka Njoro.

Huko juu Molo baridi ilikuwa kali, nami kwa mara ya kwanza maishani niliishukuru baridi. Kwenye daraja jipya tulipita polepole sana. Vibarua waliolitengeneza walisimama kando na sepetu zao, wakaona msalaba wa chaki ambao Obadia aliuchora ubavuni mwa behewa, wakavua kofia zao.

Nyumbani

Kutoka Kisumu mpaka Butere, kisha mabega. Tulimbeba kwa zamu, watu wachache tu, na hatukuchoka.

Mama alikuwa amesimama uani. Wanawake wa kijiji walishaanza kulia tangu tulipoonekana njiani, yeye hakulia. Alingoja tumweke chini. Hakuniuliza njia ilikuwaje wala kwa nini tumechelewa. Alisema tu, "Nifungulieni."

Obadia alipiga magoti akaanza kukata lehemu. Niwaambie ukweli, mimi niligeuka nikatazama migomba. Nilisikia kibati kikitoka, nikamsikia Raeli akivuta pumzi.

Nikageuka. Alikuwa Ezekieli. Ngozi imekuwa nyeusi zaidi, midomo imekauka, na vumbi la majani ya chai kwenye nyusi. Lakini alikuwa yeye, hata mtoto angemtambua.

Mama alichutama. Alimfuta lile vumbi kwa kidole gumba, nyusi moja, kisha ya pili. Alimshika sikio, alivyokuwa akimshika zamani akimwamsha. Alimtazama muda mrefu mpaka waliokuwa wanalia wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, hawajui wafanye nini.

"Ndiye," alisema mwishowe.

Kisha akaniangalia mimi. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa jambo sasa hivi.

"Hezroni. Kumbe watoto wangu wanaweza kufa."

"Ndiyo, mama."

"Basi na Petro amekufa."

Aliinuka, akaweka mikono kichwani, na akalia. Nilikuwa sijawahi kusikia mama yangu akilia. Alimwita Ezekieli, akamwita Petro, akarudi kwa Ezekieli, majina yote mawili yanapokezana, na wanawake wakampokea, nao wakaita yote mawili.

Tulizika mmoja. Matanga tulikaa ya wawili.